Panga Mbili kwa Mzee Mmoja

Mzee aliingia dukani kwangu asubuhi moja ya mawingu, sijamaliza hata kutoa majembe nje, akaweka juu ya kaunta blanketi lililofungwa kwa kamba ya mgomba. Nilidhani ameleta mapanga ya kunolewa. Duka langu liko Tukuyu mjini. Nauza misumari, majembe, tupa, bawaba na mapanga ya kila namna, na watu wengi huniletea yaliyokufa makali ili niwapelekee kwa fundi. Nikamvutia kiti, tukasalimiana kwa Kinyakyusa kama tulivyozoea. Baba yangu alikuwa mtu wa pwani aliyekuja huku kufanya biashara, lakini mimi nimezaliwa hapa hapa, na lugha ya huyu mzee niliishika sokoni kabla sijajua kusoma. Yeye na baba walikuwa marafiki mpaka baba alipofariki. Kwa hiyo namwita Tata, yaani baba, na yeye huniita mwanangu.

Alipolifungua lile blanketi niliona nimekosea. Mle ndani hamkuwa na mapanga ya kukatia migomba. Zilikuwa panga mbili za kijeshi, za aina ile wanayobeba maofisa kwenye gwaride, kila moja ndani ya ala yake.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye unayejua vyuma. Niambie upi ni mzuli."

Kiswahili chake kina matamshi ya nyumbani, anaweka l penye r, nami nimeyazoea kiasi kwamba siyasikii. Lakini siku hiyo niliyasikia, kwa sababu nilikuwa natafuta cha kumjibu.

Mzee huyu anaishi Kyimo, ana migomba na chai, na ndiye mkuu wa kikundi cha ngoma. Ngoma hiyo huchezwa kama gwaride. Wanaume hujipanga mistari, wamevaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, kuna ngoma kubwa ya kupigwa kwa rungu na vibuyu vya kupulizwa, na viongozi wana vyeo vilivyoazimwa jeshini na hospitalini. Yuko kapteni, yuko daktari, na juu yao wote yuko Kingi. Kingi ni yeye. Tangu nikiwa msichana nimemwona akiongoza mistari kwa usinga mkononi, na kila mwaka baada ya mavuno vikundi vya kata jirani hukutana kiwanjani na kushindana. Mwaka huu, akaniambia, ataongoza kwa upanga. Shida ni kwamba panga zimekuja mbili, na Kingi hushika mmoja.

Nilimuuliza zimetoka wapi. Akasema zimetumwa. Nikamuuliza ni za zamani au ni za siku hizi. Akasema ni za siku hizi, zinatengenezwa huko nje kwa kuiga zile za zamani, watu wanaziagiza kwa simu. Alikunywa chai niliyomletea, akaniachia blanketi na vilivyomo, akaenda kupanda bodaboda arudi Kyimo.

Ukweli ni kwamba ningeweza kukataa. Ningesema, Tata, mimi nauza vyombo vya shamba, haya mambo siyajui. Lakini alikuwa amekwisha kusema kwamba ninajua, na alikuwa amekuja toka Kyimo kwa ajili hiyo. Nikazibeba zote mbili mpaka chumba cha nyuma na nikaanza kuzitazama.

Upanga wa kwanza ulikuwa mzito na unang'aa kama kioo. Nilijiona uso ndani yake. Ulichorwa maua kuanzia karibu na mpini hadi katikati, na kinga ya mkono ilikuwa ya rangi ya dhahabu, ina simba wawili wanaotazamana. Ala yake ilikuwa nyeusi, inanukia kama viatu vipya. Wa pili ulikuwa mwembamba, mwepesi, rangi yake ya kijivu kama mabati yaliyopigwa jua. Haukuwa na maua. Karibu na mpini ulikuwa na mikwaruzo midogo ya tupa ambayo mtengenezaji hakuifuta vizuri. Ala yake ilikuwa ya chuma kitupu.

Kwa macho tu, shindano lilikuwa limekwisha. Lakini najua mapanga mabovu yanavyong'arishwa ili yauzwe, kwa hiyo nikaamua kuzipima kama ninavyopima mzigo mpya ukifika dukani. Panga zuri la shamba lina uzito unaousikia kwenye kifundo cha mkono. Ukiligonga kwa kucha linalia. Ukilipinda kidogo juu ya goti linagoma, halafu linarudi. Nikaugonga ule unaong'aa, ukalia vizuri. Nikaugonga ule wa kijivu, ukalia vizuri zaidi. Uzito, ule unaong'aa ukashinda. Kupinda, ule unaong'aa uligoma kabisa nikaogopa kuendelea, na ule wa kijivu ukakubali kujikunja mpaka nikaogopa zaidi, nikauachia, ukaruka na kunyooka kama ufito wa mkuyu. Sikujua kama hiyo ni sifa au ni kasoro. Panga la shamba likijikunja hivyo nalirudisha kwa aliyeniuzia.

Halafu makali. Nilipitisha kidole polepole, na nikakuta zote mbili ni butu, butu kabisa, hazikati hata karatasi. Nilikaa chini. Nilijiuliza nitapimaje ubora wa kitu cha kukatia ambacho hakikati.

Jioni niliomba msaada kwenye simu. Kuna watu huko duniani, nilikuja kugundua, ambao kazi yao ni kushika panga za kuigiza mbele ya kamera na kuzisema. Wanaongea Kiingereza haraka, na mimi Kiingereza changu ni cha kusomea maelezo kwenye makopo ya rangi. Nilichoelewa ni kwamba mmoja alisema upanga wa gwaride lazima uwe butu, na anayeukuta una makali ajiulize. Mwingine akasema ule usionolewa ni pambo la ukutani. Mmoja alisema chuma kisichoshika kutu hakifai kwa upanga mrefu, kwa sababu kinavunjika kikigongwa. Mwingine alikuwa anauza hicho hicho na akakisifia. Kulikuwa na habari ya ule mfereji unaopita katikati ya ubapa. Mimi tangu utotoni nimeambiwa kuwa ni njia ya damu. Yule wa simu alicheka, akasema hapana, ni kuupunguzia upanga uzito bila kuudhoofisha. Nikaenda kutazama mifereji ya zile panga zangu. Ule wa kijivu ulikuwa na mfereji wa kina, umenyooka. Ule unaong'aa mfereji wake ulikuwa umechorwa tu juu juu, hauingii ndani. Nikajua nimepata kitu, ila sikujua ni kitu gani.

Asubuhi nilifungua blanketi tena, na moyo ukanishuka. Kwenye ule wa kijivu kulikuwa na madoa ya kahawia, na yalikuwa yamekaa mle mle zilimokaa alama za vidole vyangu. Kwa siku moja tu umeanza kutu. Ule unaong'aa ulikuwa kama jana. Nilichukua mafuta na kitambaa nikasugua mpaka yakapungua, huku nikijiambia kwamba basi, jibu ni hilo. Sisi huku tunaishi ndani ya ukungu. Nguo zinakaa wiki kwenye kamba. Upanga usioweza kukaa Rungwe wa nini?

Nilikuwa karibu kumpigia mzee simu nimwambie hivyo. Kabla sijapiga, ikaita yangu.

Alikuwa binti yake. Ameolewa Isongole, analima viazi na mahindi, na kila akija mjini hupita dukani kwangu kununua mbegu za misumari, kama anavyoita zile ndogo. Alinisalimia kwa upole, akazunguka zunguka, akaulizia afya, akaulizia mvua, halafu akauliza kama kuna mzigo wa baba yake kwangu. Nikasema upo.

"Dada, wangu ni ule mwembamba," akasema. "Najua ni mbaya. Niliagiza kitu kizito wakaniletea ufito. Naomba tu ukimwambia mzee umwambie taratibu."

Nikamdadisi kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa nimebebeshwa nini. Ule wa kijivu umetoka kwa binti. Ule unaong'aa umetoka kwa kaka yake, mtoto wa kiume wa mzee, anayefanya kazi Dar es Salaam. Kila mmoja alisikia kwamba baba anataka kuongoza kwa upanga mwaka huu, kila mmoja akaagiza bila kumwambia mwenzake, na hawangeweza kuambiana kwa sababu hawasemeshani. Tangu mama yao alipougua na kufariki, kila mmoja anaona yeye ndiye aliyehangaika na mwenzake alikaa pembeni. Msibani walikaa pande mbili za uwanja. Mzee hakutaka kuchagua kati ya watoto, akatafuta mtu wa kumchagulia chuma.

Sikumwambia binti lolote siku hiyo. Nilimwambia bado natazama. Na nilipokata simu nikagundua kwamba sasa nikiutazama upanga sioni upanga. Naona yule mama, marehemu, alivyokuwa akiniletea maziwa ya mgando, na naona wanawe.

Nilifikiri mtu aliyekuwa jeshini angenitoa gizani. Igogwe, kule kwenye hospitali ya misheni, kuna mstaafu mmoja wa jeshi anayelima ndizi, ambaye mke wake ananunua kwangu. Nikapanda bodaboda na blanketi langu limelala mapajani kama mtoto. Dereva aliniuliza nimebeba nini, nikamwambia vyombo vya ngoma, akaridhika.

Mstaafu alizipokea panga zile kwa heshima kubwa hata nikapata matumaini. Alinawa mikono kwanza. Akachomoa ule wa kijivu; ukatoka kwa sauti moja ndefu na safi, akauinua mbele ya uso wake, akaushusha, akasimama wima kama kijana. Akaurudisha, ukaingia bila kutafuta njia. Akachukua unaong'aa. Huo ulikuwa umebanwa na ala, akauvuta mara mbili tatu, na ulipotoka ulitoka kwa ghafla ukamvuta mkono.

"Huu utamwaibisha mtu," akasema.

Nikamuuliza, kwa hiyo wa kijivu ndio mzuri. Akafikiri. Akasema kwa kuchomoa, ndiyo. Lakini kwenye gwaride alizoziona yeye, panga zilikuwa zinawaka, jua likizipiga unaziona toka upande wa pili wa uwanja, na ule wa kijivu hauwezi kuwaka. Kwa hiyo, akasema, kwa kufanana na za kweli, ni huu wenye maua. Nikamuuliza alipokuwa jeshini alikuwa akibeba upanga wa namna gani. Akacheka kidogo. Alikuwa dereva wa lori. Panga alizitazama kupitia kioo cha mbele, na leo ndiyo mara yake ya kwanza kushika mmoja.

Hata hivyo kuna jambo moja alilonifanyia. Aliuweka ule unaong'aa karibu na sikio na kuutikisa, kisha akanipa nami nisikie. Ndani ya mpini kulikuwa na kitu kinacheza. Kilikuwa kidogo sana, kama punje ya mahindi ndani ya kopo. Dukani kwangu, na magari ya Kyela yanayopita, nisingekisikia kamwe.

Kesho yake niliupeleka kwa fundi wangu wa kuchomelea. Alifungua kile kifundo cha dhahabu kilichoko mwisho wa mpini, akavuta, na upanga wote ukatoka mkononi mwake kama karoti inavyotoka ardhini. Nilitegemea kuona ubapa unaendelea ndani ya mpini. Kumbe ubapa unaishia pale pale kwenye kinga, na kinachoingia ndani ni kijiti cha chuma chembamba kama penseli, kimeunganishwa na nati, na nati imelegea. Simba wale wawili wa dhahabu walikuwa wanashikiliwa na kijiti hicho. Nikamwomba autazame na wa kijivu. Akageuza geuza, akasema huu haufunguki. Chuma cha ubapa kimepita mpini mzima na mwisho wake umegongwa kwa nyundo mpaka ukalala, umefungwa moja kwa moja, ili kuufungua ni lazima uuharibu.

Sasa nilikuwa najua. Kwa utengenezaji, upanga wa binti ulikuwa bora, na yeye mwenyewe anaamini ni mbaya. Wa kaka ulikuwa wa kutazamwa. Kaka naye alikuwa amenipigia katikati ya hayo yote, kwa furaha, akasema anajua upanga wake hauna mpinzani, ila kama mzee anamwonea haya dada, nimsaidie asione haya. Wote wawili walikuwa waungwana, na hilo ndilo lililonichanganya kuliko vyote. Kama mmoja angekuwa mkorofi ningejua pa kusimama.

Nilimwambia fundi akaze ile nati na ajaze gundi ya chuma. Akakaza, akajaza, akaupiga piga hewani. Akasema utashika, mradi usigongwe na kitu.

Nilikwenda Kyimo siku iliyofuata. Mzee alinikaribisha ndani, wakaniletea mbalaga, zile ndizi za kupika, na maharage, na kama desturi hatukuzungumzia kilichonileta mpaka sahani zilipoondolewa. Halafu nikamwambia yote, kwa Kinyakyusa ili nisipotee. Nilimwambia mfereji wa mmoja ni wa kweli na wa mwingine umechorwa. Nilimwambia habari ya kijiti na nati. Nilimwambia wa kijivu utataka mafuta kila siku, na kwamba ukiguswa na mkono wenye jasho utaota kutu, lakini kutu si ugonjwa wa chuma kibaya, kuna vyuma vizuri vinavyoshika kutu upesi. Nikamwambia kwa kadiri ya uwezo wangu, mwembamba ndio bora.

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni.

"Ule wa kijana," akauliza mwishowe, "umepona?"

Nikasema umekazwa. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, ndaga, ndaga, akaagiza nikatiwe mkungu wa ndizi. Niliondoka nikiwa mwepesi. Nilidhani kazi yangu imekwisha.

Siku ya ngoma nilifunga duka mapema. Kiwanja cha shule kilikuwa kimejaa, kuna wauza karanga na wauza parachichi, na ukungu umeshuka mpaka kwenye magoli. Mtoto wa kiume alikuwa amekuja toka Dar, amevaa koti zuri, amesimama na wanaume karibu na ngoma kubwa. Binti alikuwa amekuja toka Isongole, amesimama na wanawake upande wa pili. Alinipungia mkono. Tayari nilikuwa nimemwambia kwamba upanga wake ni mzuri, na hakuniamini, alidhani namfariji. Niliwaza kwamba sasa ataona mwenyewe.

Filimbi ikalia, mistari ikaja, vumbi halikuinuka kwa sababu ardhi ilikuwa na unyevu. Kisha Kingi akatoka, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, kifua mbele. Na mkononi mwake kulikuwa na ule upanga unaong'aa, wenye maua na simba.

Sikuelewa. Nilimgeukia jirani yangu kama kwamba yeye angenieleza. Ngoma zilikuwa zikipigwa, watu wakishangilia, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye mpini. Kila alipouzungusha juu ya kichwa nilihesabu watu waliokuwa karibu. Kila alipoushusha kwa saluti nilikiona kile kijiti cha penseli, ingawa kilikuwa kimefichika ndani. Mvua ndogo ikaanza, ile isiyolowesha haraka, na upanga ukazidi kuwaka. Mstaafu alikuwa amesema kweli, ulionekana toka mwisho wa uwanja. Watu wa kata nyingine waliuliza wameutoa wapi. Mzee alicheza kuliko nilivyowahi kumwona, mara akatambaa, mara akasimama ghafla na mistari yote ikasimama nyuma yake. Hakuna kilichoruka. Ilipokwisha nilikuwa nimechoka kama niliyecheza mimi.

Nilipotazama upande wa wanawake, binti hakuwepo. Nilimkuta barabarani anatafuta pikipiki. Hakuwa analia. Aliniambia si neno, yeye alijua tangu mwanzo, ila angependa kama ningemwambia ukweli wa moja kwa moja badala ya kumdanganya kwamba wake ni mzuri. Nikaapa. Akasema basi, kama ni mzuri, uko wapi? Nikamwomba turudi kwa mzee tukanywe hata chai. Alikataa, nikamshika mkono, akakubali kwa shingo upande.

Tulifika nyumbani kwa mzee tukamkuta kaka yake amesimama mlangoni, na yeye amekasirika. Nilishangaa, maana wake ndio uliochezwa. Alinivuta pembeni. Alikuwa ameingia chumbani kwa baba yake kutundika koti, na juu ya kabati akauona upanga wa dada yake, umepakwa mafuta, umefungwa ndani ya kanga ya marehemu mama yao, ile ambayo mzee hamruhusu mtu aiguse.

"Wa kwangu kaupeleka kwenye matope," akasema, "na wa kwake kaufunga kwenye kanga ya mama. Dada, ulimwambia mzee nini?"

Binti alikuwa nyuma yangu na aliyasikia yote. Alimpita kaka yake, akaingia ndani, akatoka na kile kifurushi mikononi. Aliikunja ile kanga vizuri kwanza, akaiweka kando. Halafu akaketi kwenye benchi la barazani na upanga wake mapajani, akautazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani.

Mimi nilimfuata mzee, ambaye alikuwa amekaa jikoni anakausha soksi kwenye moto. Nilimuuliza kwa nini. Nilisema, Tata, umenituma nikupe jibu, nimekupa, halafu umefanya kinyume. Sikusema kwa ukali, bali kwa sababu nilitaka kujua.

Akasema mvua ilikuwa inakuja, na mimi mwenyewe nilimwambia ule hautaki maji. Nikakubali. Kisha akasema watu wa kata nyingine wangekuwa mbali, na ngoma ni ya kuonekana. Nikakubali na hilo. Kisha, alipoona bado nimesimama, akashusha sauti.

"Ule mwembamba niliuchomoa humu ndani siku moja," akasema. "Ulitoka kama unajua kazi. Nikauogopa. Sisi tunacheza tu, mwanangu."

Sikujua, na mpaka leo sijui, ipi kati ya hizo ilikuwa sababu. Huenda zote. Huenda hakuna, na alichotaka ni kwamba mmoja uchezwe na mwingine ufungwe kwenye kanga, na kila mtoto apate fungu lisilopimika kwa fungu la mwenzake. Lakini kama ni hivyo, alihitaji nini kwangu? Nilizunguka na blanketi lile Igogwe na kwa fundi, nikakesha na wale wazungu wa kwenye simu, nikapata jibu la kweli, na jibu la kweli likawa halina mahali pa kukaa. Na kama upanga ulio bora ni ule unaotisha, na ulio hafifu ndio unaofaa kuchezewa, basi nilipima nini?

Nilipotoka jikoni na kufika barazani niliwakuta wale wawili kwenye benchi moja. Hawakuwa wanatazamana, walikuwa wanatazama vyuma. Binti alikuwa anaukunja wake na kuuachia, anamwonyesha kaka yake unavyorudi. Kaka alikuwa amechukua wake toka kwa kapteni wa ngoma, anautikisa sikioni.

"Huu nao unalia kidogo," akasema, si kwa mtu maalumu.

"Lete," dada yake akasema.

Aliuweka sikioni, akasikiliza. Akasema ile gundi imeanza kuachia. Kaka akabisha. Akasema ni simba tu wanaocheza. Dada akamwambia simba hawachezi, ni nati, na kama angeuliza watu kabla ya kununua angejua. Kaka akamjibu kwamba hata yeye hakuuliza, bahati ndiyo iliyomwangukia, na kwanza wake una kutu hapa na hapa. Walibishana hivyo kwa muda mrefu, sauti zikipanda na kushuka, mpaka mzee akatoka jikoni na soksi zake mkononi, akasimama akawasikiliza, akarudi ndani.

Waliniita niwaamue. Kaka alitaka niseme kwamba kwa gwaride wake ulikuwa sahihi. Dada, ambaye barabarani hakuniamini, sasa alitaka nirudie mbele ya kaka yake habari ya ubapa unaopita mpini mzima. Nilirudia. Nikasema pia kwamba wa kaka ulionekana vizuri toka mwisho wa uwanja, maana ni kweli. Wakaniuliza kwa pamoja, kwa hiyo upi?

Nikawaambia sijui. Walidhani nawaonea haya. Nilikuwa nasema kweli kuliko siku zote za wiki ile.

Giza lilipoanza kuingia niliwaaga. Binti alinisindikiza mpaka barabarani, akaniuliza ni mafuta gani yanafaa zaidi kwa kutu, ya nazi au ya mashine. Nilimwambia mimi hutumia ya mashine, lakini upanga si panga, na labda aulize mtu mwingine. Akasema atajaribu yote mawili, moja upande huu na jingine upande ule, aone.